Jibu kwa dada wa steshenari: pasiwedi uziweke wapi na utazikumbukaje

Dada mmoja wa Morogoro kaniandikia, swali lake lilikuwa refu, nalifupisha hapa: "Kaka habari za kazi. Nina steshenari ndogo, kompyuta moja na simu yangu ya Android. Akaunti ninazo nyingi, Gmail mbili, Facebook ya duka, TRA, benki ya mtandaoni, na karibu zote natumia pasiwedi moja, jina la mwanangu wa kwanza na mwaka aliozaliwa, maana zikiwa tofauti nasahau. Zile zilizonilazimisha kuweka alama nimejitumia mwenyewe Whatsapp. Alafu nina kauntabuku la Gmail na pasiwedi za wanafunzi niliowafungulia akaunti za kuomba chuo na mkopo, wakirudi huwa hawakumbuki kitu. Mume wangu anasema kuandika pasiwedi kwenye daftari ni hatari. Sasa niziweke wapi, na nitazikumbukaje?"

Dada yangu asante kwa kuuliza, na asante kwa kueleza kila kitu, wengi kwenye haya mambo wanaficha nusu alafu unashindwa kuwasaidia. Jina la mwanao nimelitoa kwenye swali makusudi, na nakuomba ukimaliza kusoma hii usilale kabla hujabadilisha pasiwedi ya Gmail yako kuu, kwa nini nitafika huko.

Nianze na hilo la kukumbuka. Hutazikumbuka, na wala hutakiwi kuzikumbuka. Hakuna binadamu anayeweza kukaa na pasiwedi ishirini tofauti kichwani, hata sisi tunaofanya kazi hii hatuwezi, na mtu akijilazimisha anaishia palepale ulipo wewe, moja ileile kila mahali. Kichwani weka vitu vitatu: namba ya kufungulia simu, pasiwedi ya Gmail kuu, na pasiwedi ya sefu, hiyo sefu naielezea chini. PIN ya pesa za simu na ya kadi ya benki zinabaki kichwani kama kawaida, hizo sizihesabu. Zilizobaki zote zitengenezwe na mashine, ndefu, zisizo na maana yoyote, kila akaunti na ya kwake, na zikae ndani ya sefu huna haja hata ya kuzijua.

Sasa hiyo ya jina la mtoto. Wewe ni mama wa fulani, mtaa mzima wanakuita hivyo kutwa nzima, wateja wanakuita hivyo, na picha za bethidei ya mtoto ziko Facebook na miaka yake imeandikwa juu ya keki. Yani mtu anayekufahamu hahitaji utaalamu wowote. Na asiyekufahamu kabisa naye ana programu inayochukua orodha ya majina ya watu na kubandika miaka mmoja baada ya mwingine mwisho wa jina, hiyo ni kazi ya sekunde kwa mashine. Kubadilisha herufi a kuwa @ au o kuwa 0 hakusaidii, hizo programu zinajua hayo mabadiliko toka zamani sana.

Lakini ubovu wa hiyo pasiwedi ni nusu tu ya hatari, nusu nyingine na ndio kubwa zaidi ni kuitumia kila mahali. Tovuti iliyotengenezwa vizuri haihifadhi pasiwedi yako yenyewe, inaipitisha kwenye fomula ya upande mmoja na kuhifadhi kinachotoka, kama mahindi yakishasagwa, unga haurudi kuwa mahindi. Ukiingia kesho inasaga tena ulichoandika na kulinganisha unga na unga. Shida ni kwamba tovuti zinaibiwa, na zingine hata hazisagi. Mwaka 2009 kampuni ya Marekani inaitwa RockYou iliibiwa pasiwedi zaidi ya milioni 32, zilikuwa zimehifadhiwa wazi kabisa kama zilivyo, na iliyoongoza kwa kutumiwa ilikuwa 123456, watu karibu 290,000 walikuwa nayo. Orodha hiyo mpaka leo wadukuzi wanaitumia kama kitabu cha kuanzia. LinkedIn waliibiwa 2012, wao walisaga lakini kwa fomula dhaifu, na mwaka 2016 data za akaunti milioni 117 zikaanza kuuzwa mtandaoni. Mwezi Juni mwaka huohuo akaunti za Mark Zuckerberg za Twitter na Pinterest zikaingiliwa, na waliofanya wakadai pasiwedi wameitoa kwenye ile data ya LinkedIn. Ona hapo, mwenye Facebook! Hakuna aliyehangaika kukisia wala kuvunja Twitter, ni pasiwedi iliyovuja mlango mmoja ikajaribiwa mlango mwingine. Hiyo kazi siku hizi inafanywa na mashine, inachukua email na pasiwedi zilizovuja inazijaribu kwenye tovuti mamia usiku na mchana, haijali kama wewe ni tajiri au una steshenari.

Unaweza kuangalia kama email yako imo kwenye wizi unaojulikana, kuna tovuti ya haveibeenpwned.com, aliianzisha Troy Hunt wa Australia mwaka 2013, unaandika email tu (pasiwedi usiandike), inakwambia ilivuja wapi na lini. Ukikuta imo usipaniki, badilisha pasiwedi ya hiyo akaunti na popote ulipotumia hiyohiyo.

Whatsapp. Hili naomba ulisome taratibu. Wewe una steshenari, maana yake wateja wanakutumia dokumenti Whatsapp uwaprintie, na bila shaka Whatsapp yako iko wazi kwenye kompyuta ya duka kuanzia asubuhi mpaka unafunga. Mteja anasogea kuonyesha faili lake, kijana wako anakaa kwenye kiti wewe ukienda kununua karatasi, yeyote kati yao akiandika neno "pasiwedi" au "password" kwenye sehemu ya kutafuta meseji zinatokea zote ulizojitumia, dakika moja amepiga picha kwa simu amemaliza. Na bakapu za Whatsapp zinakwenda Google Drive, ambako hazina ulinzi wa funguo yako mwenyewe mpaka uwe umewasha ile sehemu ya kusimba bakapu (kuigeuza isisomeke bila funguo yako) kwenye settings. Kwa hiyo ukishahamisha, futa hizo meseji, na kama ulizipiga skrinshoti futa kwenye picha na kwenye kapu la takataka la picha pia, pale zinakaa wiki kadhaa.

Sasa sefu ni nini. Ni programu inayotunza pasiwedi zako zote ndani ya faili moja lililosimbwa, bila pasiwedi kuu, ile moja ya kufungulia sefu, hilo faili ni takataka tupu hata kwa aliyeliiba. Ziko nyingi, ninazoziamini ni mbili kwa mtu kama wewe. Bitwarden ni ya bure kwa matumizi ya kawaida, inakaa kwenye seva zao na inajisawazisha simu na kompyuta. Nyingine ni familia ya KeePass, kwenye kompyuta kuna KeePassXC na kwenye Android kuna KeePassDX, bure, maandishi yaliyoiunda programu yako wazi kila mtu anaweza kuyakagua, haitaki akaunti wala bando, faili linakaa kwako mwenyewe na linaishia na .kdbx. Kwako nachagua KeePassDX, na nataka ikae kwenye simu tu, kwenye kompyuta ya duka usiiweke.

Sababu ni kompyuta yenyewe. Hiyo mashine inachomekwa fleshi za kila mtu kutwa nzima, na kama Windows yake au Office iliaktivetiwa kwa kraki ya mtaani ndio kabisa, maana hizo kraki ni njia mojawapo kubwa ya kuingiza virusi vya kuiba pasiwedi. Vinachofanya ni kwenda moja kwa moja pale Chrome inapotunza pasiwedi, vinazoa zote vinatuma kwa mwenyewe, na wewe huoni kitu chochote, kompyuta inaendelea kuprinti kama kawaida. Kwa hiyo pale dukani Chrome ikikuuliza kama ihifadhi, kataa, na zilizopo ingia settings uzifute. Nyumbani kwenye simu yako mwenyewe yenye loki, kuacha Google ihifadhi sio kosa, ni afadhali mara nyingi kuliko pasiwedi moja kila mahali, mimi mtu akiniambia hataki mambo ya sefu nje nje namwambia basi tumia hiyo ya Google kwenye simu.

Benki na TRA pia ningependa uziingilie kwenye simu, ile kompyuta ibaki ya kuprinti na kuchapa. Ukilazimika kuingia akaunti fulani dukani, fungua sefu kwenye simu, soma, chapa kwa mkono. Ndio maana ukiwa unatengeneza pasiwedi ndani ya KeePassDX weka urefu wa herufi 16, herufi ndogo na namba tu, na uondoe zinazofanana kama l na 1, itakuwa rahisi kuchapa na bado hakuna wa kuikisia. Urefu ndio nguvu. Nikupe hesabu: herufi nane ndogo tupu zinatoa michanganyiko kama bilioni 208, inasikika nyingi, lakini kama tovuti ilisaga kwa fomula ya zamani kama MD5 kadi moja kubwa ya grafiki, hizi wanazonunua vijana wa magemu, inajaribu mabilioni mengi kwa sekunde, hizo bilioni 208 inamaliza hujameza mate. Kumi na sita zilizochaguliwa na mashine hazimalizwi.

Tukija kwenye pasiwedi kuu, hapa ndio ukae chini utulie. Kuna njia ya dadu aliitoa Mmarekani Arnold Reinhold mwaka 1995, ana orodha ya maneno 7,776, unarusha dadu mara tano namba zinazotoka zinakuonyesha neno, unarudia mpaka upate maneno matano au sita. Maneno matano ya namna hiyo yanatoa michanganyiko ambayo namba yake ina tarakimu 20, alafu KeePass yenyewe inafanya kila jaribio liwe la polepole makusudi. Orodha ile ni ya Kiingereza, wewe chukua kamusi ya Kiswahili, funga macho, fungua ukurasa wowote, shusha kidole, neno lililopo ndio hilohilo, usilibadilishe eti ni baya au hulipendi, ukianza kuchagua mwenyewe utarudi kwenye maneno yako ya kila siku na bahati nasibu yote imekufa. Chukua sita kwa sababu kidole sio dadu. Mfano inatoka "kisiki bawabu ungo tetema gundi mkaja", hii usiitumie nishaiandika hapa. Unajitengenezea picha, bawabu amekaa juu ya kisiki na ungo kichwani anatetemeka, na kadhalika, ukiichapa kila siku kwa wiki mbili vidole vinaijua vyenyewe. Methali usitumie, wala mstari wa bongo fleva, wala aya, sentensi ambayo watu wengi wanaijua inaingia kwenye orodha za wadukuzi vilevile.

Hizo wiki mbili za mwanzo iandike kwenye karatasi, na hapa namjibu mzee wa nyumbani kwa heshima zote. Shemeji ana haki kuogopa daftari la dukani, ila daftari lenyewe kama daftari halina kosa. Mwizi aliyeko mbali huko mtandaoni hawezi kufungua droo yako. Bruce Schneier, mmoja wa wataalamu wakubwa wa usalama Marekani, mwaka 2005 aliwaambia watu waziwazi waandike pasiwedi kwenye kikaratasi wakiweke kwenye pochi pamoja na noti, kwa sababu vikaratasi vya thamani tunajua kuvitunza. Kwa hiyo andika, weka kwenye bahasha, gundi, ifungie nyumbani pale mnapoweka hati na vyeti, na shemeji ajue ipo. Usiichane baada ya kukariri, iache, siku umelazwa hospitali mtu awe na pa kuanzia. Kama mama yako au mtu mzima mwingine hawezi haya mambo ya simu kabisa, daftari dogo la nyumbani lenye pasiwedi tofauti kwa kila akaunti linamtosha na mimi nalibariki.

Gmail nimeitaja mara nyingi kwa sababu ndio mzizi. Mtu akiwa ndani ya Gmail yako hahitaji pasiwedi ya Facebook wala ya kitu kingine, anabonyeza "nimesahau" na linki inakuja hapohapo kwenye email. Kwa hiyo hiyo ipate maneno yake yenyewe sita, tofauti na ya sefu, na washa uthibitisho wa hatua mbili, yani baada ya pasiwedi inakuomba na kodi, namba ya kutumia mara moja. Kodi kuja kwa meseji ya kawaida ni bora kuliko hamna, ila laini inaweza kurenyuliwa na tapeli mwenye mtu wake wa ndani, na ukiacha kuitumia muda mrefu mtandao unaifunga na kuja kumpa mtu mwingine, hivyo nenda pale kwenye akaunti uhakikishe namba iliyopo ni laini unayoitumia leo, nimeshakutana na watu wengi wamefungiwa nje ya Gmail zao kwa sababu namba iliyoandikwa ni ya laini waliyoitupa zamani. Alafu Google watakupa kodi kumi za akiba, za tarakimu nane kila moja, ziprinti (printa unayo), zitie kwenye ileile bahasha. Na kodi yoyote inayokuja kwenye simu haisomewi mtu, hata akisema ni wa benki, hata akisema ameituma kwako kwa bahati mbaya.

Na unaona kwa nini nimesema Gmail ikae kichwani na isikae ndani ya sefu tu: faili la .kdbx lazima uwe na nakala, moja kwenye fleshi ya nyumbani na moja Google Drive, ni faili dogo sana halimalizi bando. Simu ikiibiwa leo, unanunua nyingine, unaingia Gmail kwa kichwa, kodi ya akiba unaitoa kwenye bahasha, unashusha faili, unafungua kwa pasiwedi kuu, umerudi. Kama pasiwedi ya Gmail ingekuwa ndani ya sefu peke yake na sefu iko ndani ya Drive, hapo umejifungia mwenyewe. Kila ukiongeza akaunti kadhaa mpya pakia nakala mpya, hili watu wanasahau sana.

Kuhusu kubadilisha kila miezi mitatu kama kazini wanavyolazimisha, usijisumbue. Aliyeandika mwongozo wa serikali ya Marekani uliosambaza hiyo tabia duniani, Bill Burr, mwaka 2003, alikuja kuliambia gazeti la Wall Street Journal mwaka 2017 kwamba anajutia mengi aliyoyaandika, na mwongozo mpya wa mwaka huohuo ukaiondoa. Watu wakilazimishwa wanaongeza 1, mwezi ukifika wanaweka 2. Badilisha ukisikia tovuti imeibiwa, ukihisi mtu kaiona, au kijana wa duka akiacha kazi.

Nimebakiza wanafunzi wako, na hili ndio linaniuma zaidi kwa sababu hapo unabeba mzigo wa watu wengine. Najua unawasaidia kwa roho nzuri, anakuja hana email, dirisha la maombi linafungwa kesho, unamfungulia, unaweka pasiwedi moja unayowawekea wote, na namba ya simu unaweka ya duka ili kodi ije haraka. Matokeo yake akaunti ni yake kwa jina tu. Kauntabuku likipotea, au kijana akigombana na wewe akaondoka nalo, kuna majina, email, pasiwedi, na nyuma yake namba za NIDA, za kidato cha nne, akaunti za benki za mkopo. Tanzania sasa kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na inamgusa anayekusanya taarifa za watu, haichagui ofisi kubwa na duka.

Fanya hivi kuanzia kesho. Geuza kibodi, mwanafunzi achape pasiwedi mwenyewe wewe uangalie pembeni. Namba ya simu iwe ya kwake, hana simu iwe ya mzazi, hata kama kodi inachelewa msubiri. Mkatie kikaratasi aandike kwa mkono wake aende nacho, mwambie akitunze na cheti cha kuzaliwa. Fungua akaunti za wateja kwenye dirisha la siri la Chrome (Incognito) na ukimaliza ulifunge kabisa, lisibaki hata moja wazi. Mwanafunzi akirudi kasahau, na namba ni ya kwake, kuirudisha ni dakika tano tu, unaweza hata kumchaji kidogo kama huduma nyingine yoyote.

Waliomo tayari kwenye kauntabuku wapigie au watumie meseji, waje wabadilishe pasiwedi na waweke namba zao, ambaye ameshabadilisha kata jina lake kwa kalamu nzito mpaka lisisomeke. Mpaka wamalizike lihamishie nyumbani, dukani lisikae hata siku moja. Na likiisha lichome moto, usilitupe na usiliuze kwa kilo, maana makaratasi ya steshenari tunajua yanaishia wapi, yanafungia karanga stendi ya Msamvu.